Jinsi ya Kusoma Visasili vya Wakelti Bila Kupotea: Mwongozo Kamili wa Watu na Mahali Pao

Wanaoniomba msaada kuhusu visasili vya Wakelti, yaani visa vya kale vya Ireland, Wales na Gallia (takriban Ufaransa ya leo), hukwama mahali pamoja. Wanaanza kwa hamu, wanakutana na Cú Chulainn, Conchobar na Conall katika ukurasa mmoja, wanarudi nyuma kuangalia nani ni nani, kisha wanafunga kitabu. Wengine hukimbilia orodha za "mungu wa jua, mungu wa bahari, mungu wa vita", wanazikariri, halafu wanashangaa kwamba ndani ya kisa chenyewe yule waliyeambiwa ni wa bahari anashona viatu.

Kasoro iko kwenye mlango walioingilia. Visasili hivi vimeshikamana na ardhi: kilima hiki, kivuko kile, pango lile. Watunzi wa Ireland walikuwa hata na aina nzima ya maandishi, dindshenchas, ambayo kazi yake ilikuwa kueleza kila mahali palipataje jina lake. Ukishika mahali, watu watakuja wenyewe. Ukianza na watu, watakuponyoka.

Hatua zilizo hapa chini zinakupeleka mpaka uwe na daftari lako mwenyewe la watu na mahali, na uweze kusoma kisa kizima bila kurudi nyuma kila aya. Zifuate kwa mpangilio wake. Anayeruka hatua ya pili hujuta akifika ya tano.

## Unachohitaji

Daftari nene. Kaunta buku inafaa kabisa. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu utahitaji kuona kurasa mbili kwa pamoja na kuchora mistari kati yake.

Kalamu za rangi tatu. Nyekundu kwa Ireland, bluu kwa Wales, kijani kwa Gallia na Uingereza ya enzi za Warumi. Rangi zitakuokoa baadaye majina yatakapoanza kufanana.

Ramani mbili. Moja ya kisiwa kizima cha Ireland, nyingine ya Wales. Hakikisha ya Ireland inaonyesha pia Ireland ya Kaskazini, maana ngome kuu ya mashujaa wa Ulaidh (Ulster, kaskazini mwa kisiwa) iko upande huo wa mpaka wa leo. Ramani ya Jamhuri peke yake itakukatia kisa nusu.

Maandishi mawili. Táin Bó Cuailnge, yaani uvamizi wa kwenda kuteka ng'ombe wa Cuailnge, kwa upande wa Ireland. Na Matawi Manne ya Mabinogi kwa upande wa Wales. Chuo Kikuu cha Cork kina hazina ya bure mtandaoni iitwayo CELT, na humo Táin imo kwa Kiayalandi na kwa tafsiri ya Kiingereza. Tafsiri ya Mabinogi iliyotolewa na Charlotte Guest kati ya 1838 na 1849 haina tena hakimiliki, hivyo hupatikana bila malipo.

Utakachoweka kando: kamusi za miungu, picha za kubuni, na nyota za kuzaliwa za "miti ya Wakelti". Nitaeleza sababu katika hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Gawa daftari sehemu tatu

Fungua daftari, ligawe: Ireland nusu nzima, Wales theluthi, Gallia kurasa chache za mwisho. Ukubwa huo una maana. Ireland ina visa vingi kupindukia, Wales vichache lakini vilivyosukwa vizuri, na Gallia karibu haina kisa kilichosalia. Imetuachia sanamu, maandishi ya mawe na majina.

Mfano ni Cernunnos, yule mwenye pembe za paa ambaye picha zake zimeenea kila mahali. Jina lake linasomeka kwenye nguzo ya mawe ya mabaharia wa Paris, iliyochimbuliwa chini ya kanisa la Notre-Dame mwanzoni mwa karne ya 18. Jina lipo, uso upo, pembe zipo zikiwa na pete zilizotundikwa. Kisa chake hakipo.

Tahadhari. Ukikutana na hadithi ndefu ya Cernunnos, mke wake, watoto wake na vita vyake, jua kwamba mtu wa zama zetu ameitunga. Inaweza kuwa tamu, lakini haiingii kwenye daftari hili.

Utajuaje umefaulu: mtu akikutajia jina, swali lako la kwanza liwe "wa Ireland, wa Wales au wa Gallia?"

## Hatua ya 2: Fundisha ulimi kwanza

Wengi huidharau hatua hii, na ndiyo inayowaangusha. Jina usiloweza kulitamka halikai kichwani. Jicho linaliruka, na baada ya kurasa tatu majina yote yenye C yamekuwa mtu mmoja.

Habari njema ni kwamba anayezungumza Kiswahili ana mtaji mkubwa hapa. Sauti zinazowasumbua watu wengi wa Ulaya sisi tunazo mdomoni kila siku: *kh* ya kheri, *gh* ya ghali, *dh* ya dhahabu, *th* ya thelathini. Hizo hizo ndizo zimejaa katika Kiayalandi cha kale na Kiwelisi.

Kwa Ireland, shika haya:

- ch ni *kh*. Cú Chulainn hutamkwa *Kuu Khulin*.
- c daima ni *k*, hata mbele ya *e* na *i*.
- bh na mh huwa *v* au *w*. Sikukuu ya Samhain ni *Sauin*.
- d, g, b katikati au mwisho wa neno la kale hulainika. Dagda ni *Daghdha*. Medb ni *Medhv*, na leo watu wa Ireland husema *Meev*.
- Mkazo uko mwanzoni mwa jina: SÉ-tanta, DAG-da.

Kwa Wales:

- dd ni *dh*, f ni *v*, ff ni *f*, w ikiwa irabu ni *u*.
- ll ndiyo pekee ngeni kweli. Weka ulimi kama unataka kusema *l*, kisha puliza bila sauti.
- Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Soma Rhi-AN-non na Blo-DEU-wedd kama unavyosoma ki-TA-bu.

Tahadhari. Mtu mmoja ana tahajia nyingi. Medb, Medhbh, Méabh na Maeve ni malkia yule yule. Fionn, Finn na Find ni shujaa yule yule. Chagua tahajia moja iwe kichwa cha ukurasa, nyingine ziandike pembeni kwa herufi ndogo. Wasomaji wengi hudhani wamekutana na watu wanne kumbe ni mmoja.

Utajuaje umefaulu: soma kwa sauti Medb, Ailill, Conchobar, Fergus, Ferdiad, Rhiannon, Pwyll, Lleu, Gwydion, Blodeuwedd, bila kusita. Rudia kila siku kabla ya kusoma mpaka sauti zizoee. Usiendelee kabla ya hapo.

## Hatua ya 3: Panda mahali sita pa Ireland kwenye ramani

Kila mahali pape ukurasa wake mzima. Juu andika jina la kale, jina la leo na kaunti. Chini yake andika kinachoonekana pale sasa hivi. Sehemu iliyobaki iache wazi, itajazwa na watu.

Brú na Bóinne, kaunti ya Meath. Anza hapa. Ni makaburi makubwa kwenye kona ya mto Boyne, na lililo maarufu zaidi ni Newgrange, lililojengwa yapata 3200 KK. Ni la zamani kuliko piramidi za Giza, na lilikuwepo muda mrefu kabla lugha yoyote ya Kikelti haijasikika kisiwani. Asubuhi za Desemba kuzunguka tarehe 21, mwanga wa jua linalochomoza hupenya kwenye tundu lililo juu ya mlango, ukatambaa kwenye ujia mpaka chumba cha ndani, ukakaa humo kama dakika 17.

Waliolikuta tuta hilo waliliona ni nyumba ya wakubwa. Katika visa ni makao ya Aengus, mwana wa Dagda, na namna alivyolipata inafaa kuandikwa yote. Aliliomba kwa mwenyewe akae "mchana na usiku". Akapewa. Siku ya pili mwenye nyumba aliporudi, Aengus akakataa kutoka: dunia nzima, alisema, huishi kwa mchana na usiku, basi amepewa milele. Matoleo yanatofautiana kuhusu nani alinyang'anywa, Elcmar au Dagda mwenyewe. Andika majina yote mawili.

Teamhair, au Tara, Meath vilevile. Kilima cha wafalme. Juu yake kuna jiwe lililosimama liitwalo Lia Fáil, ambalo visa husema hupiga kelele likikanyagwa na mfalme wa haki. Hapa ndipo Lugh alipobisha hodi kwa mara ya kwanza. Bawabu akamuuliza ana ufundi gani, maana haingii mtu asiye na ufundi. Mimi seremala. Tunaye. Mimi mhunzi. Tunaye. Mpiga kinubi, shujaa, mshairi, mganga: wote wapo tayari. Ndipo Lugh akauliza kama wanaye mtu mmoja mwenye fani zote hizo kwa pamoja. Mlango ukafunguliwa.

Emain Macha, karibu na Armagh, Ireland ya Kaskazini. Leo huitwa Navan. Ndiyo ngome ya mfalme Conchobar na mashujaa wa Ulaidh. Wanaakiolojia walikuta hapo mabaki ya jengo la duara la magogo, upana wake kama mita 40. Nguzo yake ya katikati ilikatwa kuelekea mwisho wa 95 KK au mwanzo wa 94 KK. Jengo lilijazwa mawe, likachomwa moto kwa makusudi, likafunikwa kwa udongo. Kisa chake ni cha Macha, mwanamke mjamzito aliyelazimishwa kushindana mbio na farasi wa mfalme. Alishinda, akajifungua mapacha pale pale, akawalaani wanaume wa Ulaidh: siku ya hatari kubwa watashikwa na uchungu wa uzazi. Iwekee laana hii alama ya nyota. Bila hiyo Táin haieleweki.

Cruachan, kaunti ya Roscommon. Makao ya malkia Medb na mumewe Ailill, magharibi. Kuna pango liitwalo Oweynagat, ambamo Morrígan na viumbe vya kutisha hutokea, hasa usiku wa Samhain.

Cuailnge. Rasi ya Cooley, kaunti ya Louth, pwani ya mashariki. Nyumbani kwa fahali wa kahawia.

Mag Tuired. Uwanda wa vita karibu na ziwa Arrow, Sligo, ambapo Lugh alilipiga kwa kombeo jicho lenye kuua la adui yake Balor. Kuna vita viwili vyenye jina hili. Hiki ni cha pili.

Utajuaje umefaulu: funga macho, uelekeze Cruachan kushoto, Emain Macha juu, Cuailnge kulia. Ukiweza hivyo, tayari unajua njia ya jeshi katika Táin.

## Hatua ya 4: Mpe kila mtu mistari mitano, basi

Sasa ndiyo unaruhusiwa kuandika watu. Kila mmoja apate jina, ni wa nani, mahali pake, kitendo kimoja, na mwiko wake kama anao. Huu hapa ukurasa uliokamilika:

> Jina: Cú Chulainn. Utotoni Sétanta.
> Wa nani: Mama Deichtine, wa ukoo wa Conchobar. Baba Lugh; baba wa duniani Sualtam.
> Mahali: Dún Dealgan (Dundalk), Emain Macha, vivuko vya mpaka wa Ulaidh.
> Kitendo: Alizuia jeshi la Medb peke yake.
> Mwiko: Asile nyama ya mbwa. Asikatae chakula anachokaribishwa mekoni.

Tazama mstari wa mwisho. Mwiko, ambao wao huuita *geis*, ndio unaoendesha visa vingi vya Ireland. Sétanta alipata jina jipya baada ya kumuua mbwa mlinzi wa mhunzi Culann na kujitolea kulinda mahali pake, ndiyo maana mbwa ni haramu kwake. Siku ya kufa kwake anawakuta vikongwe watatu njiani wakichoma mbwa, wanamkaribisha. Akila anavunja mwiko mmoja, akikataa anavunja mwingine. Mwandishi hahitaji kusema lolote zaidi. Mwenye daftari anajua hapo hapo kwamba huyu hatoki.

Mstari ninaokukataza kuandika ni "mungu wa...". Lugh akiwa na fani zote, utamweka kwenye wizara gani? Dagda ana chungu ambacho hakuna aliyetoka akiwa na njaa, rungu ambalo ncha moja huua na nyingine hufufua, na kinubi. Morrígan humjia Cú Chulainn vitani akiwa mkunga wa mtoni, mbwa mwitu na mtamba. Ukimbana katika "mungu wa vita" umetupa karibu yote yanayomfanya aogopwe.

Tahadhari ya majina ya wazazi. *Mac* kwa Kiayalandi na *fab* kwa Kiwelisi ni sawa na *bin*. Ila usidhani kinachofuata ni jina la baba daima. Conchobar mac Nessa anaitwa kwa jina la mama yake, Ness. Gwydion fab Dôn pia, Dôn ni mama.

Tahadhari ya tafsiri. Watu wa matuta, Tuatha Dé Danann, yaani kina Lugh, Dagda na Aengus, usiwaite majini wala malaika. Maneno hayo yanakuja na imani nzima isiyowahusu. Vivyo hivyo Annwfn ya Wales usiiite kuzimu: haina adhabu wala moto. Ina mfalme, mbwa wa kuwindia na karamu nzuri. Mimi huandika "Ng'ambo", na inatosha.

Utajuaje umefaulu: una kurasa za watu kumi, na hakuna hata mmoja unaozidi mistari mitano.

## Hatua ya 5: Tembea Táin kutoka magharibi hadi mashariki

Soma sasa, daftari likiwa wazi kwenye ramani. Kila jeshi linapohama, sogeza kidole.

Safari inaanza kitandani Cruachan. Medb na Ailill wanabishana nani ana mali zaidi. Vinaletwa vyombo, pete, nguo, kondoo, farasi, nguruwe: sawasawa. Tofauti ni fahali mmoja tu, Finnbennach, aliyezaliwa katika kundi la Medb lakini akahamia kwa Ailill, eti hawezi kumilikiwa na mwanamke. Medb anatuma wajumbe kwa Dáire huko Cuailnge kuazima fahali wake kwa mwaka mmoja. Dáire anakubali kwa furaha. Usiku wajumbe wanalewa, mmoja anaropoka kwamba hata asingekubali wangemchukua kwa nguvu. Habari zinamfikia Dáire. Fahali hatoki tena, na vita vimeanza.

Mashujaa wa Ulaidh wako chini na uchungu wa uzazi, kama Macha alivyoapa. Amebaki kijana mmoja asiyeguswa na laana, Cú Chulainn, na vivuko vya mito. Ndiyo sababu nilisisitiza mahali: kivuko ni pembamba, watu huingia mmoja mmoja, na mtu mmoja anaweza kukizuia.

Kivuko kimoja kipe kurasa mbili. Ni Áth Fhirdiad, maana yake kivuko cha Ferdiad, na leo ni mji wa Ardee katika kaunti ya Louth. Ferdiad na Cú Chulainn walifundishwa vita pamoja na Scáthach huko Uskoti, wakawa ndugu. Medb anamchochea Ferdiad kwa kumuahidi binti yake Finnabair, mpaka anakubali kwenda. Katika toleo la hati iitwayo Kitabu cha Leinster, jioni ya siku ya kwanza wanakumbatiana, farasi wao wanalala zizi moja, waendeshaji wa magari yao ya farasi wanaota moto mmoja. Cú Chulainn anampelekea mwenzake nusu ya dawa za majeraha, na Ferdiad anamrudishia nusu ya chakula. Siku ya pili vivyo hivyo. Jioni ya tatu wanaachana kimya, farasi mbali mbali, moto mbali mbali. Siku ya nne Cú Chulainn anaagiza gáe bulg, mkuki unaorushwa kwa mguu majini na kufunguka ndani ya mwili kwa miiba. Ferdiad anakufa. Cú Chulainn anambeba mikononi kumvusha upande wa kaskazini, anaanguka karibu naye, na kulia kwa mashairi marefu huku jeshi la adui likikaribia.

Usikiharakishe kifungu hiki. Kila nilichokieleza kuhusu mahali, mwiko na undugu wa kulelewa kinakutana hapa, ndani ya maji ya kivuko kimoja.

Mwisho wa safari fahali wawili wanapigana wenyewe. Yule wa Cuailnge anashinda na kutembea kurudi kwao na vipande vya mwenzake kwenye pembe, akiangusha kimoja hapa na kingine pale. Palipoanguka nyama ya kiuno pakaitwa Áth Luain, ndio mji wa Athlone wa leo. Paweke alama kwenye ramani.

Utajuaje umefaulu: unaweza kumsimulia mtu Táin nzima kwa kumwonyesha ramani tu.

## Hatua ya 6: Vuka bahari kwenda Wales

Badili kalamu. Mahali patatu panatosha kwa kuanzia.

Arberth, Narberth ya leo kusini-magharibi. Hapo kuna kilima ambacho mtu wa ukoo wa kifalme akikikalia, hupata pigo au huona ajabu. Pwyll, mtawala wa huko, alikaa akamwona Rhiannon juu ya farasi mweupe atembeaye taratibu, na hakuna mpanda farasi aliyeweza kumfikia. Alisimama alipoombwa asimame.

Harlech, juu ya mwamba pwani ya magharibi. Hapo jitu Bendigeidfran ameketi anapoona meli za mfalme wa Ireland zikija kumposa dada yake Branwen. Ndoa ile iliangamiza visiwa viwili. Upande wa Wales walirudi wanaume saba.

Mto Cynfal, karibu na Ffestiniog. Hapa aliuawa Lleu Llaw Gyffes, au alikaribia kuuawa. Hawezi kuuawa ndani ya nyumba wala nje, juu ya farasi wala kwa miguu. Mkewe Blodeuwedd, aliyeumbwa kwa maua, anajifanya ana wasiwasi juu yake na kumtoa siri yote: mguu mmoja kwenye ukingo wa beseni la kuogea kando ya mto chini ya paa la nyasi, mwingine mgongoni mwa beberu. Kisha anamwomba amwonyeshe jinsi inavyokuwa. Anayekijua kisa cha Fumo Liyongo na sindano ya shaba atasikia mwili ukimsisimka, maana siri ya kifo inatolewa na mtu wa nyumbani. Lleu anachomwa na kuruka akiwa tai, na mjomba wake Gwydion anamkuta juu ya mwaloni nyama zikimdondoka. Blodeuwedd anageuzwa bundi.

Sasa chora mistari ya nukta kuvuka daftari: Lugh na Lleu, Nuada wa Ireland, Nudd wa Wales, na Nodens aliyekuwa na hekalu la Kirumi huko Lydney, Uingereza, Manannán mac Lir na Manawydan fab Llŷr.

Tahadhari, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mistari iwe ya nukta, isiwe ya moja kwa moja. Majina ni ndugu, watu si mmoja. Manannán wa Ireland anaendesha gari lake juu ya mawimbi kama juu ya uwanda wa maua. Manawydan wa Wales hana bahari hata tone. Nchi yake imerogwa ikawa tupu, anahamia mijini Uingereza, anatengeneza matandiko ya farasi, kisha ngao, kisha viatu, na kila mji mafundi wenyeji wanataka kumuua kwa sababu kazi yake ni bora kuliko yao. Anawashinda adui zake kwa kutishia kumnyonga panya mwenye mimba, kwa subira na hesabu tupu. Huyu ndiye fundi viatu niliyemtaja mwanzoni. Ukimwita mungu wa bahari umemkosa kabisa.

Utajuaje umefaulu: unaweza kutaja jambo moja ambalo Lugh na Lleu wanafanana, na mawili wasiyofanana.

## Hatua ya 7: Pima kila jambo jipya kabla ya kuliandika

Daftari likishakuwa zuri utatamani kulijaza. Kabla ya wino, uliza: limo katika hati gani?

Kwa Ireland, hati ya zamani zaidi yenye visa hivi ni Lebor na hUidre ya Clonmacnoise. Mwandishi wake mmoja, Máel Muire, aliuawa 1106, hivyo mkono wake ni wa kabla ya mwaka huo. Kitabu cha Leinster ni cha karne ya 12. Kwa Wales, Kitabu Cheupe cha Rhydderch ni cha karne ya 14 katikati, na Kitabu Chekundu cha Hergest kikafuata. Kama mtu hawezi kukutajia hati, jiwe wala sanamu, liandike kwa penseli ukurasa wa mwisho. Nyota za kuzaliwa za miti hazipiti mtihani huu. Ni za karne ya 20.

Kumbuka pia kwamba walioandika walikuwa Wakristo, wengi watawa, karne nyingi baada ya imani ya kale kufifia. Mwishoni mwa Táin katika Kitabu cha Leinster kuna baraka kwa Kiayalandi kwa kila atakayeihifadhi kwa uaminifu, halafu maneno ya Kilatini yanayosema mwandishi hayasadiki mambo mengi humo: mengine ni hila za mashetani, mengine ubunifu wa washairi, mengine ni ya kufurahisha wapumbavu. Naye ameiandika yote. Tunapaswa kumshukuru.

## Ukikwama

Majina yanajirudia. Kuna zaidi ya Macha mmoja, na Eochaid ni wengi. Weka namba: Eochaid 1, Eochaid 2, na mahali pa kila mmoja.

Kisa kina miisho miwili. Ni kawaida. Andika yote, na hati ya kila mmoja. Usichague.

Umemkuta Fionn, humwoni Conchobar. Umehamia kundi jingine la visa, zama nyingine. Fionn na vijana wake wana mahali pao, kilima cha Almu, leo Hill of Allen, kaunti ya Kildare. Wafungulie kurasa mpya kwa kalamu nyekundu ile ile.

Táin imekuelemea. Iweke kando, usome kisa cha watoto wa Lir waliogeuzwa mabata maji kwa miaka 900. Ni kifupi, na kinagawanyika kwenye maji matatu: ziwa Derravaragh katika Westmeath miaka 300, mlango bahari wa Sruth na Maoile kati ya Ireland na Uskoti miaka 300, na kisiwa cha Inis Gluaire pwani ya Mayo miaka 300. Weka alama hizo tatu kwenye ramani kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.